Sauti ya Ghorofa ya Nne

Asubuhi ya Jumamosi ile, saa tatu na robo, fundi bomba ambaye jengo zima lilimwita Koki alipiga magoti mbele ya ukuta wa chumba cha pampu, akaondoa ubao wa plaiwudi, akavua ovaroli yake na kuisokomeza ndani ya tundu la bomba la zamani. Ovaroli haikutosha. Akaongeza mfuko mtupu wa saruji, kisha taulo, akavisukuma ndani kwa mpini wa nyundo mpaka mkono wake ukazama hadi kwenye kiwiko. Halafu akarudisha ubao, akakaza skrubu nne, akajipangusa magoti kama mtu aliyeinama kuokota kitu kilichomdondoka.

Saa nne kamili kamati ya wapangaji ingekuja kupima. Wangepanda hadi ghorofa ya nne kwa Mwalimu mstaafu, wasimame bafuni kwake, na Koki angepuliza huku chini kwa nguvu zake zote. Sauti ikisikika kule juu, chumba cha pampu kitafungwa na mabomba yake yatatolewa nje siku hiyohiyo. Isiposikika, maneno yameisha. Hivyo ndivyo Mwenyekiti alivyosema, na Mwenyekiti hakuwa mwanamke wa kurudia jambo.

Koki alikuwa na miaka arobaini na tisa. Mfupi, mabega mapana, vidole vimekakamaa kwa gundi ya mabomba. Alikuwa ametunza maji ya jengo lile la ghorofa sita kwa miaka kumi na minne, na hakuna aliyemjua zaidi ya pale alipofika: sinki lako likiziba unamwita, likizibuka unamsahau. Chumba cha pampu kilikuwa chini ya ardhi, kuta nene za zege, mlango wa chuma, matangi mawili na pampu yenyewe ikinguruma pembeni. Walimpa ufunguo ili aweke vifaa vyake. Vifaa aliviweka kona moja. Sehemu nyingine yote ilijaa vyombo vyake vya kupuliza.

Vilikuwa mabomba ya plastiki, yale ya kawaida ya maji machafu. La kwanza lilikuwa na urefu wa mita sita, limekunjwa kwa elbo, vile viungo vya kona, mara tatu kama utumbo ili lienee chumbani. Mdomoni lilikuwa na kipande cha mpira laini, na mwisho wa mpira kiungo cha shaba alichokisugua kwa msasa mpaka kikakubali midomo ya binadamu. La pili lilikuwa fupi kuliko hilo kwa upana wa kiganja tu. Hapo ndipo palipokuwa na siri ya kazi yote. Mabomba mawili yenye urefu unaokaribiana hayakubali kukaa pamoja kwa amani. Sauti zake zinasukumana, na katikati ya kusukumana huko kunazaliwa mapigo ya polepole, wuu-wuu-wuu, ambayo hakuna aliyeyapuliza. Ukiyasikiliza kwa dakika kumi unajisikia umepakatwa.

Wimbo wenyewe haukuwa na maneno, wala ngoma, wala mwanzo wa kueleweka. Ilikuwa sauti moja inayovutwa dakika hamsini bila kukatika. Kukatika ndiyo ilikuwa aibu pekee. Yeye na wifi yake waliwahi kuupiga mbele ya watu mara moja tu, katika ukumbi wa chuo fulani, wasikilizaji kumi na mmoja. Baada ya dakika ishirini bwana mmoja wa mstari wa mbele aliinama akamnong'oneza jirani yake, "Sasa wataanza saa ngapi?"

Watu walipenda kusema kwamba Koki aliyaanza hayo baada ya kufiwa na mume. Ilikuwa hadithi nzuri, inayomfanya kila mtu atikise kichwa kwa upole, naye hakujisumbua kuikanusha. Lakini ukweli ni kwamba aliyaanza akiwa na miaka ishirini na mbili, mwanafunzi pekee wa kike katika darasa la ufundi bomba. Mkufunzi wao aliwafundisha kutafuta mahali bomba lilipoziba kwa kupuliza mdomoni mwake na kutega sikio. Wenzake walipuliza, wakatema mate, wakacheka. Yeye alipuliza na bomba likamjibu. Tangu siku ile hakuwahi kufunga bomba bila kulipuliza kwanza. Wateja walidhani anapima, na ni kweli alikuwa anapima, ila si kila mara alikuwa anapima kitu kilekile.

"Hodi humu mahabusu!"

Alikuwa wifi yake, dada wa marehemu mumewe, fundi cherehani. Wengine walitarajia kwamba baada ya mazishi wifi huyo angekata mguu, lakini alizidi kuja. Begani alibeba mfuko mkubwa alioushona kwa makoti mawili ya mvua, wenye kikanyagio cha kujazia magodoro ya upepo. Waliuita Pafu. Wifi hakuwa na pumzi ya kupuliza, presha ilimkataza, kwa hiyo Pafu lilipuliza kwa niaba yake huku yeye akikanyaga, kama alivyokanyaga cherehani yake siku nzima.

"Mbona leo umevaa gauni? Unaenda kuposwa?" wifi aliuliza.

"Ovaroli imechafuka."

"Lini iliwahi kuwa safi?"

Wifi alichomeka Pafu kwenye bomba la pili, akaanza kukanyaga. Koki akashika mdomo wa shaba, akaingiza sauti yake chini ya ile ya wifi. Wakapuliza dakika mbili hivi. Wifi akaacha.

"Leo chumba kina mafua," alisema.

"Ni baridi ya asubuhi. Mabomba hayajapata moto."

"Wifi, miaka miwili tunapuliza humu, masika na kiangazi. Baridi haijawahi kutunyima ile ya chini."

"Ile ya chini" ndilo jina walilolipa sauti ya tatu. Ilikuwa inakuja yenyewe, nzito, chini kabisa ya zile mbili, haisikiki sana masikioni bali kwenye nyayo na mifupa ya kifua. Bila hiyo walikuwa wanawake wawili wanaopuliza mifereji. Ikiwepo, chumba kilipata kina kama kisima.

"Itakuja," alisema Koki, akageuka akajifanya anakaza elbo ambayo haikulegea.

Yeye alijua inatoka wapi. Miaka miwili nyuma mabomba ya chuma ya jengo yalibadilishwa. Bomba kuu la zamani, lililotoka darini likipita ukutani hadi chumba cha pampu, liliachwa humohumo kwa sababu kulitoa kungebomoa nusu ya jengo. Kazi ya Koki ilikuwa kuziba matawi yake, moja kila ghorofa, kisha mdomo wa chini. Ilikuwa siku ya Ijumaa. Aliziba ghorofa ya sita, ya tano, akagonga ya nne. Kimya. Jirani akamwambia Mwalimu yuko hospitali, mke wake amezidiwa. Akashuka, akamaliza ya tatu, ya pili, ya kwanza. Msimamizi alikuwa anataka daftari la kazi kabla ya saa kumi. Koki aliandika: matawi yote sita yamezibwa. Moyoni alisema Jumatatu atarudi amalize la nne na huu mdomo wa chini, yaishe.

Jumapili alileta bomba lake refu chumbani kwa mara ya kwanza. Alilipuliza karibu na lile tundu lililokuwa bado wazi, na jengo zima likavuta pumzi pamoja naye.

Jumatatu hakwenda. Wala Jumanne. Wiki iliyofuata alikata kipande cha plaiwudi, akatoboa matundu madogo yasiyoonekana, akafunika ukuta.

Malalamiko ya Mwalimu yalikuwa yamefika kwenye kamati wiki moja kabla ya Jumamosi ile, katika mkutano wa pale chini kwenye ngazi. Mzee alisimama na daftari la shule mkononi. Akasoma: Jumanne, saa kumi na dakika tano hadi saa kumi na dakika hamsini na tano, ukuta wa bafu umenguruma. Alhamisi, saa kumi na dakika mbili. Jumapili. Jumanne tena. Kurasa na kurasa.

"Mwalimu, Koki anapuliza chini ya ardhi," Mwenyekiti alisema. "Mimi naishi ghorofa ya kwanza, juu yake kabisa, nasikia kama mbu tu. Wa pili hawasikii, wa tatu hawasikii. Wewe wa nne unasikiaje?"

"Hilo muulizeni fundi. Mimi nilifundisha historia."

Watu walicheka, lakini hawakucheka naye. Mtoto wake wa kiume, mtu mzima mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, alimwekea mkono begani. "Jamani, Mzee amechoka. Tangu Mama atutoke amekuwa akisikia vitu. Nimeshamwandalia chumba kwangu. Akikubali tu, kesho tunahamisha."

"Usinizungumzie kama nimeshatolewa nje kwenye jeneza," alisema Mwalimu. "Niko hapa."

"Baba, hakuna aliyesema—"

"Nimeishi kwenye nyumba ile miaka thelathini na moja. Ninajua sauti zake zote. Hii si yake."

Ndipo Mwenyekiti alipomgeukia Koki. "Fundi, inawezekana?"

Koki aliliangalia lile daftari. Mwandiko ulisimama wima kama wa ubaoni. Kila saa iliyoandikwa mle ilikuwa sahihi, na ile dakika moja ambayo wifi alichelewa mwezi uliopita ilikuwa imeandikwa pia.

"Matawi yote yamezibwa," alisema. "Iko kwenye daftari la kazi."

Wakaamua wapime. Na mtoto akasema mbele ya wote kwamba ikiwa hakuna kitakachosikika, basi baba yake atakubali kuhama. Mwalimu alifunga daftari. "Nakubali," alisema. "Kwa sababu kitasikika."

Saa nne kasoro dakika tano mlango wa chuma uligongwa. Alikuwa Katibu wa kamati, kinyozi wa barabara ya pili, mtu asiyeweza kunyoa kichwa kimya wala kufanya jambo lolote kimya. Simu mkononi, spika imewashwa.

"Nimetumwa nisimame hapa nihakikishe hamchezi mchezo," alisema. "Kwamba mnapuliza kweli kweli, hamfanyi huruma."

"Utasimama wapi, kuna nafasi?" wifi alimuuliza. "Au tukukunje kwa elbo?"

"Nitasimama mlangoni, shemeji. Mimi masikio yangu ni ya kazi."

Simuni Mwenyekiti alisema wako tayari. Walikuwa wanne bafuni: yeye, mjumbe mmoja, Mwalimu na mtoto wake. Koki alikaa kwenye debe lake, goti la kulia karibu linagusa plaiwudi. Alimwangalia wifi. Wifi alikanyaga mara tatu, Pafu likavimba, likatoa sauti yake. Koki alivuta pumzi mpaka mbavu zikauma, akaingia.

Kupuliza bila kukatika si kuwa na pumzi nyingi, watu hukosea hapo. Ni kuiba. Hewa inapokaribia kwisha kifuani unajaza mashavu, na wakati mashavu yanasukuma nje, pua inavuta ndani haraka, kama mtoto anayedokoa nyama jikoni huku anaimba ili mama asishtuke. Koki alikuwa ameiba hivyo kwa miaka ishirini na saba. Asubuhi ile, kwa mara ya kwanza, kila wizi ulimchoma puani.

Sauti ilikuwa kubwa. Hakuna aliyeweza kusema hawakupuliza. Mapigo yalikuja, wuu-wuu-wuu, yakagonga kuta, vumbi likacheza juu ya tangi. Lakini chini yake hapakuwa na kitu. Ilikuwa sauti ya juu juu, kama nyumba isiyo na msingi. Wifi alikanyaga huku amekunja uso, macho yake yakitembea chumbani, kwenye tangi, kwenye dari, kwenye magoti ya Koki.

"Dakika tano!" Katibu alipiga kelele, kidole kimoja sikioni. "Juu wanasema kimya! Kimya kabisa!"

Koki aliiba hewa. Imekwisha, alijiambia. Dakika chache tu, na chumba ni changu.

"Dakika nane! Mjumbe anauliza kama mmeanza!" Katibu alicheka. Alikuwa ameanza kutangaza kama mtangazaji wa mpira. "Mwenyekiti anagonga ukuta... hakuna. Mtoto anasema inatosha... Mwalimu amekataa. Mwalimu anasema wasubiri."

Dakika ya kumi na moja.

"Mwalimu ameinama. Anaweka sikio kwenye kigae." Katibu aliisogeza simu karibu zaidi. "Amelala chini. Jamani, mzee amelala sakafuni."

Sasa hakutangaza tena. Aliongeza sauti ya spika na kuinyoosha simu mbele yake, kama vile hakutaka tena kuwa yeye anayesema. Katikati ya mngurumo Koki aliwasikia, wadogo, wa mbali.

"Baba, inuka. Sakafu imelowa."

"Ngojeni."

"Baba, watu wanakuangalia. Inuka, tafadhali."

"Alhamisi ilikuwepo. Nimeandika. Soma hapo, Alhamisi..."

"Nimesoma, Baba. Tumesoma wote. Twende tukakae."

"Ilikuwepo, mwanangu."

Halafu kishindo kidogo, pengine mtu anainuliwa kwapani, na kandambili zinaburuzika kwenye vigae.

Baadaye Koki hakuweza kumweleza mtu alichofikiri wakati ule, kwa sababu hakufikiri. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika bisibisi. Ilikuwa mfukoni mwa gauni, maana hakuna gauni alilowahi kushonewa bila kumwambia wifi amtilie mfuko wa bisibisi. Aliinamisha mwili, mpira wa mdomo ukajipinda, midomo ikabaki kwenye shaba. Skrubu ya kwanza ilitoka kirahisi. Ya pili pia. Kwenye ya tatu hewa ilimwishia akiwa ameinama, tumbo limejikunja, pua haivuti. Sauti ikayumba. Wifi aliona. Hakuuliza kitu, alikanyaga Pafu kwa miguu yote miwili kama anayekimbia, akaibeba sauti peke yake kwa pumzi mbili, mpaka Koki akapata hewa akarudi.

"Fundi," alisema Katibu, "unafanya nini hapo?"

Skrubu ya nne ilikuwa imeliwa kichwa. Aliikaza kwa hasira asubuhi. Bisibisi iliteleza, ikamchana kidole gumba. Akaiacha, akaingiza vidole nyuma ya ubao, akavuta. Plaiwudi ilipasuka upande mmoja. Taulo likatoka. Mfuko wa saruji ukatoka na vumbi lake, akapuliza huku machozi yakimtoka. Mwisho kabisa ukatokeza mkono wa ovaroli, mtupu, kama wa mtu anayeomba avutwe. Koki aliushika, akavuta.

Ile ya chini ikaja.

Haikuja taratibu. Ilipanda kutoka sakafuni, ikaingia kwenye debe alilokalia, kwenye meno, kwenye mlango wa chuma ambao Katibu alikuwa ameuegemea na sasa akauruka kama umemchoma. Kisha ikaingia ndani ya tundu, ikaondoka kwenda juu. Koki aliisikia inavyoondoka. Ghorofa ya kwanza, pamezibwa. Ya pili, pamezibwa. Ya tatu.

Simuni palikuwa kimya. Halafu sauti ya Mwenyekiti, si ile ya mikutanoni.

"Iko hapa."

"Nini?" Katibu alipiga kelele.

"Iko hapa, nakwambia. Iko ukutani. Mungu wangu, iko kwenye kioo."

Na nyuma yake, wazi kabisa, bila haraka, sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa na madarasa: "Andikeni saa."

Katibu alimtazama Koki, akaitazama ovaroli iliyolala sakafuni kama mtu aliyezimia, akaelewa. Aliondoka, wakasikia miguu yake kwenye ngazi.

Koki hakuacha kupuliza. Zilikuwa zimebaki dakika thelathini na nane, na alijua hazitakuwepo nyingine. Wifi naye hakuacha. Walipuliza mpaka mwisho, macho kwa macho, damu ya kidole gumba ikikauka kwenye shaba, na ile ya chini haikuwahi kuwa nene kama siku ile. Walipomaliza pampu ndiyo iliyobaki ikinguruma, kijinga, kama mgeni ambaye hakuambiwa shughuli imeisha.

"Miaka miwili," wifi alisema, akipangusa jasho. "Miaka miwili nimejisifu kwa watu kwamba ile ni ya Pafu langu. Kumbe ni tundu."

"Ni tundu na Pafu."

"Usinibembeleze. Mzee wa watu walitaka kumwita kichaa, na wewe unajua?"

"Nilijua."

Wifi alianza kukunja Pafu. Alilikunja vibaya, akalikunjua, akalikunja tena. "Kaka yangu angekuchapa maneno wiki nzima," alisema hatimaye. "Mimi nimechoka. Nenda kamalize kazi yako."

Mwenyekiti alikuwa akimsubiri juu ya ngazi. Chumba kiwe kitupu kabla ya jua kuzama. Ufunguo utakaa kwake, na Koki akihitaji kufika kwenye pampu ataomba. Kazi ya maji ataendelea nayo, kwa sababu hakuna mwingine anayejua mabomba ya jengo lile yanapita wapi. "Na sasa najua kwa nini unayajua," alisema, akampisha njia.

Koki alipanda ghorofa ya nne na ndoo ya saruji, mwiko na kifuniko cha chuma. Mtoto wa Mwalimu alikuwa anateremka. Walikutana kwenye kona ya ngazi, kila mmoja akasogea upande uleule, mara mbili, kabla hawajapishana. Suruali yake ilikuwa imelowa magotini.

Mlango ulikuwa wazi.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mzee alikuwa amekaa mezani, daftari mbele yake. Alimaliza mstari aliokuwa anauandika. "Marahaba," alisema. "Unajua bafu lilipo. Au hujui? Siku ile hukuingia."

Bafuni, kwenye kona nyuma ya sinki, kulikuwa na kisanduku cha mbao kilichofunika tawi la zamani. Mbele yake kulikuwa na kigoda, na juu ya kigoda mto mdogo uliobonyea katikati. Hapo ndipo alipokuwa akikaa kuandika. Koki alikisogeza pembeni kwa mikono miwili. Alifungua kisanduku. Tawi lilikuwa wazi, duara jeusi la upana wa sahani, hewa baridi ikitoka.

Mwalimu alisimama mlangoni. "Tulirudi kutoka hospitali bila yeye siku ya Jumatano," alisema. "Alhamisi saa kumi, hii ikaanza. Wiki ya kwanza nilidhani ni yeye. Siku zile za mwisho alikuwa anapumua hivihivi. Nilikuwa naingia humu namwambia lala, mke wangu, lala sasa." Alikitazama kigoda. "Baadaye ndiyo nikaleta daftari. Mtu aliyekufa hapumui kwa ratiba."

Koki alitafuta neno. Alikuwa ameliandaa moja kwenye ngazi, neno la samahani, refu, limepangwa vizuri. Sasa lilionekana kama ile plaiwudi.

"Umewahi kuisikia kutokea hapa?" Mwalimu aliuliza.

"Hapana."

"Hata mara moja?"

"Sikuthubutu."

"Basi kaa."

Alikaa kwenye kigoda, juu ya ule mto. Alimpigia wifi simu. "Pafu umeshalifunga?"

"Ndiyo nalifunga. Nini tena?"

"Lifungue. Weka bomba refu mbele ya tundu. Kanyaga."

"Wifi, wewe..."

"Kanyaga tu. Mara moja."

Walisubiri. Saruji ndooni ilianza kuganda pembeni. Kisha duara jeusi likatoa pumzi. Haikuwa sauti aliyoijua. Hapa hapakuwa na mapigo, wala upole wa kupakatwa. Ilipanda, ikakwaruza kitu humo njiani, ikasita, ikapanda tena, nzito, yenye unyevu, kama kifua cha mtu anayepigania kila hatua. Vigae vilitetemeka chini ya nyayo zake. Glasi ya mswaki ililia dhidi ya ukuta. Alitaka kusimama, hakusimama. Ilikuwa nzuri, hilo hakuweza kulikana hata pale, na ilikuwa ya kutisha, na vyote viwili alikuwa amevipuliza yeye, kwa mdomo wake, siku tatu kila wiki kwa miaka miwili, ndani ya nyumba ya mgane.

"Umesikia?" Mwalimu aliuliza.

"Nimesikia."

"Ziba."

Aliingiza kifuniko, akachota saruji kwa mwiko, akaipaka kuanzia chini kwenda juu. Wifi alikuwa bado anakanyaga, hakuna aliyemwambia aache. Kadiri duara lilivyopungua sauti ilipanda, ikawa nyembamba, ikawa mluzi, ikawa uzi. Koki alibakiza nafasi ya kidole. Akaiacha hivyo kwa muda wa pumzi moja, pumzi ndefu ya mpulizaji. Halafu akaijaza.

Alibaki na kiganja ukutani mpaka alipohakikisha ukuta hautetemeki.

Nyuma yake Mwalimu aliinua macho kuitazama saa ya ukutani, akafungua daftari, akaandika.